Mvua Nyuma ya Jiko

Siku hizi mkojo si wako. Kila nyumba ina choo chenye akili, na kila tone huenda kwa bomba hadi Mashamba Makuu likawe mbolea. Ukijisaidia kwingine umeiba, na mwizi hung'olewa migomba yake.

Mimi nina mgomba mmoja tu, nyuma ya jiko. Kila alfajiri naupelekea haki yake.

Jana akaja mkaguzi, Rwegoshora, ninayemjua tangu akibebwa mgongoni.

"Shikamoo, Bibi. Choo chako kinalalamika huingii."

"Marahaba. Kiambie nimezeeka, nimekauka."

Akautazama mgomba. Migomba ya jirani zangu imenyauka, wangu unameremeta.

"Na huu unakunywa nini?"

"Kaa kwanza unywe chai, mjukuu wangu."

Nikammiminia, nikaongeza, nikaongeza tena, huku nikiulizia shangazi zake mmoja mmoja. Mwishowe akaanza kubana magoti. Choo chake kiko ng'ambo ya bonde, na changu hakimpokei asiyeandikishwa.

"Bibi," akanong'ona, "hebu geukia ukutani."

Nikageuka. Nyuma ya mgomba nikasikia neema ikishuka.

Mara choo changu kikapaza sauti kutoka ndani: "Bibi Kokushubila, ni nini hicho huko nje?"

Rwegoshora akaganda, mkanda mkononi.

"Mvua," nikajibu.

Choo kikapima hewa. "Anga ni kavu, Bibi."

"Basi subiri," nikakiambia, nikichochea moto. "Wingu jingine liko kwenye birika."