Sampuli ya Tatu

Filomena alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia la mahindi, akinusa punje moja moja kama padri anayetafuta dhambi iliyosahaulika kuungamwa.

"Hakuna kuvu humu," alisema. "Hata chembe! Baba Rahel, njoo unuse."

Mumewe, Eustace, alinusa, akapiga chafya, akathibitisha.

Maabara ya mjini Morogoro ilisema vingine. Kwa mara ya pili, karatasi ilileta neno lilelile: sumukuvu, ile sumu ya chakula kilichoota kuvu, ambayo kuku akiila inapenya hadi kwenye yai. Shule ya bweni alikosoma binti yao Rahel ilitaka mayai kutoka kwao Mikese kila wiki, mwaka mzima, lakini kwa sharti la kupita vipimo. Nafasi za kupimwa zilikuwa tatu. Ilibaki moja.

Kuku wenyewe walikuwa mia mbili, ndio kwanza wameanza kutaga. Akiba yote ya Filomena ilikuwa inatembea kwa miguu miwili humo bandani.

Akatangaza vita. Mahindi ya zamani yakachomwa kwa heshima zote za msiba. Mapya akayaanika juu ya turubai, akayageuza kila saa. Mashudu akanunua kwa mtu mwingine. Maranda ya bandani akayazoa yote. Vyombo vya maji akavisugua mpaka kuku wakaona sura zao, wakashtuka.

Baada ya wiki tatu alisema, "Leo sampuli ya mayai naipeleka mwenyewe."

"Na kuku umwachie nani? Maabara niachie mimi." Eustace alikwishavaa shati la kanisani. "Pale kuna wasomi, mama. Mtu lazima afike na kitu cha maana."

Majibu yalikuja kwa simu. Aliyepiga ni Winfrida, binti wa maabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema tu, nimekaa."

Alikuwa amesimama.

"Pole sana. Yameshindwa tena, na safari hii kiwango kimepanda. Inasikitisha, maana kwa macho ni mayai mazuri, makubwa."

Filomena alikata simu. Akalitazama banda lililokuwa safi kuliko jiko lake. Akaipiga teke ndoo, ambayo haikuwa na kosa lolote, kisha akaifuata ilikobingirikia na kuipiga tena.

"Nifanye nini tena ambacho sijafanya?" aliwauliza kuku. Wakamjibu wote kwa pamoja, bila msaada.

Alichukua trei zote zilizokuwa stoo, akaliponda yai moja baada ya jingine shimoni, mpaka mikono ikanata. Akanawa. Akampigia simu matroni wa shule.

"Dada Sabra, mayai yangu siwaletei. Yana sumu. Siwezi kulisha watoto wa watu, na wangu akiwemo, kitu nisichokiamini."

"Jamani, mama Rahel! Na kesho tunaanza. Sasa tuchukue wapi?"

Hilo ndilo lilimuuma kuliko yote. Akalitaja jina la mshindani wake kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Nendeni Kingolwira, kwa Evance. Ana cheti tangu mwaka juzi, na mayai yake kila mtu anayasifu."

"Mungu akubariki, mama. Namtuma dereva sasa hivi."

Nusu saa baadaye Sabra alituma ujumbe: mzigo umepatikana, na watoto wameahidiwa mayai ya kuchemsha kesho asubuhi.

Filomena alikaa juu ya ile ndoo, akalia. Eustace akaja, akamshika bega.

"Usijilaumu, mama Rahel. Mwenye aibu hapa ni mimi. Mayai yetu madogo kama gololi, ningewapelekeaje wasomi wale? Mara zote tatu nilipitia kwa huyohuyo Evance, nikachagua makubwa kabisa."