Mlevi Asiyenuka

Fundi rangi alikuwa anayumba tena. Msimamizi, akikatiza uwanja wa jengo kwa hatua za haraka, alimwona waziwazi: yuko juu ya jukwaa, brashi mkononi, anachezacheza kama kivuli kwenye maji yaliyotikiswa. Msimamizi akasimama amtazame vizuri. Papo hapo fundi akatulia, wima kama nguzo.

Ananiona nikisimama, naye anajikaza, msimamizi aliwaza. Mjanja huyu.

Msimamizi alikuwa amelazwa hospitalini kwa homa kali, akachomwa sindano mpaka masikio yakabaki yanavuma. Aliporudi kazini ndipo alipoanza kugundua mambo. Paka akiondoka, panya hutawala. Kila alipomwendea Twiga, kama walivyomwita fundi huyo kwa urefu wake, alimkuta anayumba. Kila aliposimama, Twiga naye alitulia. Alimnusa pumzi: rangi tupu. Alipekua mfuko wake: chupa aliyoikuta humo ilikuwa ya maji. Hilo likamzidishia shaka. Mlevi asiyenuka ni hatari kuliko anayenuka.

Twiga alijitetea kwa upole kwamba pombe hajaionja tangu aoe, na kwamba ana watoto wa kulisha. Msimamizi akamjibu kuwa watoto haohao ndio watakaomlilia akidondoka.

Adhuhuri aliwaita mafundi wote penye mchanga uliomwagwa asubuhi. Alikuwa amesikia kwamba mlevi hawezi kusimama miguu ikiwa imebanwa na macho yamefumbwa.

"Ukiyumba, beba vifaa vyako uende," alisema.

Twiga akavua viatu, akapanda mchangani, akafumba macho. Hakutikisika hata unywele. Mafundi wakaanza kugunaguna.

Msimamizi aliona anachezewa shere. Akadai kwamba Twiga ametanua nyayo, tena anachungulia kwa chini ya kope.

"Basi tuonyeshe wewe, bosi," Twiga alisema. "Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikijua nilipokosea."

Hilo lilikuwa jambo dogo. Msimamizi akampungia mkono apishe, akapanda mchangani, akabana miguu, akainua kidevu, akafumba macho.

"Mnaona?" alisema. "Hivi ndivyo anavyosimama mtu mwenye akili zake timamu."

Mchanga ulipomjaa mdomoni, alikuwa bado anaamini amesimama.