Nyota Mbili za Mwalimu Kisaka

Kwa miaka sita Mwalimu Kisaka alichungulia darubini uani, akipima nafasi kati ya nyota mbili, naye Zamda, mpangaji wake, akiandika namba.

"Mwalimu, hizi bado hazijaoana tu? Hata mshenga angeshachoka."

"Huenda zinazungukana. Au moja iko mbali kabisa nyuma ya mwenzake, sisi ndio tunaziona pamoja. Mwakani tutajua."

"Utajua wewe. Mimi nimepata kazi ng'ambo ya mto, kesho nahama."

Neno la posa Mwalimu alikuwa nalo, amelipiga pasi tangu mwaka wa pili, ila likagoma kutoka.

"Hongera," akasema.

Kesho yake, giza lilipoingia, aliweka jicho kwenye darubini, akataja namba kwa sauti, akangoja kusikia kalamu.