Kioo cha Kijani Mlangoni

Kioo cha kwanza Modeste alikitundika kwenye mlango wa mwanamke kipofu, na hapo ndipo Yasmini alipoanza kumtilia shaka.

Kilikuwa kioo alichokitengeneza Yasmini mwenyewe: kidani cha duara, cha kijani, chenye mstari wa kahawia katikati. Wanawake wa mtaa wao wa Ndosho walinunua vidani vyake kwa ajili ya harusi. Huyu Modeste, mpangaji aliyehamia mtaani akitokea upande wa Bukavu, alitaka vingi vya sura moja, kisha akawagawia majirani bure wavitundike milangoni. Pambo la mlango, kwa Mama Alima asiyeona hata jua?

Yasmini hakuwa mtu wa kutoa kioo chake ovyo. Alianza kazi ile mwaka lava ya volkano iliposhuka mjini na kulimeza duka la soda la mumewe, Hemedi. Mwamba ulikuwa bado na joto walipokwenda kutafuta cha kuokoa. Kando ya ukuta ulioanguka, mahali ambapo lava yenyewe haikufika ila moto wake tu, alikuta chupa zimelala moja juu ya nyingine, zimelegea na kushikana, ya kijani na nyeupe zimekuwa kitu kimoja. Hemedi aliokota mabati. Yeye alizibeba zile chupa kifuani kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Hemedi alicheka, kisha akamjengea tanuri dogo la matofali. Vioo vya kwanza vilipasuka vyote, kwa sababu Yasmini alikuwa na haraka ya kuvitazama. Polepole akajifunza kupanga vipande vya chupa juu ya kigae kilichopakwa chokaa, kulaza waya wa shaba katikati yake, kuchochea makaa mpaka kingo zilainike, halafu kufukia kila kitu kwa majivu na kungoja kesho yake. Kila asubuhi alipofukua majivu, moyo ulimwenda mbio.

Sasa waasi walikuwa karibu na Kibati, nje kidogo ya mji, na Hemedi amekwama Butembo na lori lake. Watu walifungasha godoro na sufuria, wakafungua, wakafungasha tena. Modeste ndiye pekee aliyeonekana kuwa na shughuli. Aliuliza nani anaishi na nani. Aliuliza nyumba gani haina mwanaume. Vioo vikaenda kwa wajane, kwa wazee wasioweza kutembea, kwa Donatille aliyekuwa na mabinti watatu. Kwa Onésime, mwenye duka na vijana wenye nguvu, hakupeleka hata kimoja.

Cha mwisho alikuja kukitundika kwa Yasmini, kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, usikitoe," alimwambia. "Hata watu wakikucheka, kiache pale pale."

Yasmini alimwuliza sababu. Modeste alitazama chini, akasema kwamba kinapendeza, basi.

Ni Donatille aliyemweleza kwamba mpangaji yule ana mdogo wake aliyeingia porini kwa waasi zamani, na kwamba jina lake halitajwi nyumbani kwao. Yasmini akaanza kukisikiliza kila kikohozi cha Modeste. Siku moja, alipokuwa akianika nguo, akamsikia nyuma ya ukuta akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Nyumba zote ziko tayari," alikuwa akisema. "Kila moja iko na alama yake."

Nyumba za wajane, vipofu na wasichana, zimechaguliwa moja moja, na alama yenyewe imetoka kwenye tanuri lake.

Asubuhi iliyofuata Modeste alipanda pikipiki kuelekea Kibati. Adhuhuri milio ya risasi ikaanza kusogea, na kufika alasiri ilikuwa imeingia mtaani. Yasmini hakungoja zaidi. Alikichomoa kioo cha mlango wake, akakimbia kwa Donatille, akakichomoa cha kwake pia. Donatille alimwona dirishani, akaelewa, akaitikia kwa kichwa. Yasmini akaenda nyumba hadi nyumba, ameinama, akiwa na vidani ndani ya kitenge. Angeweza kuvipiga chini akavimaliza. Moyo haukumruhusu.

Mama Alima alimkuta mlangoni kwa kumpapasa, akamshika kifundo cha mkono.

"Kiache, mutoto wangu. Modeste alinisihi sana."

"Ndiyo maana ninakitoa, mama. Ingia, ufunge."

Ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja. Alipofika kwake alisukuma meza mlangoni, akaketi chini, kitenge mapajani. Moyo ulianza kutulia. Kwa mara ya kwanza tangu vioo vile vianze kutundikwa, mtaa mzima ulikuwa hauna alama. Alimwomba Mungu amsamehe kwa kuchelewa kushtuka.

Kisha viatu vizito vikaingia barabarani. Vilikwenda vikisimama, vikienda, vikisimama, kama vya watu wanaotafuta kitu. Vikasimama mbele ya nyumba ya Donatille, iliyopakana na yake. Ukuta ulikuwa mwembamba, Yasmini akasikia kila neno.

"Chef wetu wa kikosi alikataza tusiguse nyumba yenye kioo cha kijani kwa mulango," alisema mmoja. "Kaka yake alimupigia magoti leo asubuhi."

"Tumeangalia milango yote," mwingine akajibu. "Huku hakuna. Vunja."