Kuku wa Hadjara

Musafiri alidhani ni mvua. Aliinua uso akatazama mabati: jua lilikuwa linapenya kwenye matundu ya misumari. Ule mchakacho, kama mchele unaomwagwa polepole, ulikuwa unatoka chini ya kitanda.

"Ni bidudu, shemeji," Hadjara alisema. Akapiga magoti, akavuta beseni.

Ndani ya pumba la mahindi minyoo ilikuwa inapandana, ya rangi ya chai ya maziwa, myembamba kama njiti za kiberiti. Musafiri alirudi nyuma, mkono mdomoni.

"Astaghfirullah! Unalala juu ya hii?"

"Ni chakula ya kuku. Ba-ONG, bale ba misaada, balitufundisha. Inakula pumba na maganda ya karoti. Haiombi hata maji."

Musafiri alikuwa ametoka Butembo asubuhi, kwa agizo la mama yake. Lukman, mdogo wake na mume wa Hadjara, aliishia njia ya Kamango, ndani ya lori lililochomwa, na kilichozikwa kilienea kwenye shuka moja. Tangu hapo maneno yalikuwa yanamfikia mama pale mkekani: mjane yuko Mulekera, nyumba ya kupanga, na watoto wanalala na maji tumboni. "Damu ya Lukman isifie kwa majirani," mama alisema. "Walete."

Musafiri hakuwa mtu mbaya. Ila neno lake lilikuwa moja, na alilisema mlangoni, hata kiti hajapewa.

"Nasikia unafuga kuku. Kama kuku iko, batoto babakie na mama yabo. Kama hapana, leo narudi nabo. Mambo ya kulia hapana."

"Kuku iko," Hadjara alijibu. "Ilitoka kutafuta. Itarudi magaribi."

"Lakini kijana ya pikipiki ameniambia ugonjwa ulimaliza kuku ya Mulekera yote. Ameona jogoo nimebeba, akacheka: baba, huku tunaamushwa na risasi."

"Ulimaliza ya bengine."

Ndipo alipomwingiza chumbani akamwonyesha beseni. Sasa Musafiri alianza kuamini. Nani ananunua kamba kama hana mbuzi? Na watoto wenyewe walikuwa ushahidi. Njia nzima alikuwa ameona watoto wa wakimbizi, nywele nyekundu, miguu imevimba, macho ya wazee. Hawa hapana. Rachida mashavu yake yalikuwa yanang'aa. Yassini, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka juzi juzi, alikuwa na kitako cha kukalia.

"Bananenepa," Musafiri alisema.

"Ni mayai," Hadjara alisema, na Rachida akatazama chini.

Pembeni kulikuwa na beseni la pili, dogo. Humo minyoo ilikuwa mitupu, bila pumba.

"Hii umeisahau. Itakufa na njaa."

"Hapana, baba mukubwa," Yassini alidakia. "Inafunga! Inatoa kwanza uchafu ya tumbo."

Musafiri alicheka mpaka akashika ukuta. "Ebu ona! Hata bidudu banafunga Ramadani! Kuku gani ya kuchagua hivyo?"

"Kuku yangu inachagua," Hadjara alisema. Akalisukuma beseni chini ya kitanda kwa mguu.

Uani, jogoo aliyekuja naye alikuwa amelala ubavu, miguu imefungwa. Aliwika. Akangoja kidogo, kichwa juu, kisha akawika tena.

"Huyo nilimuleta tumuchinje," Musafiri alisema. "Nilijua nitakuta sufuria tupu."

"Tumeshapika, shemeji. Nawa mikono."

Alileta bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na ndani ya sombe kulikuwa na unga wa kahawia, mzito, wenye ladha kama karanga na moshi kidogo. Musafiri alionja kwa heshima tu. Kisha akakata tonge kubwa. Kisha akavuta sahani karibu.

"Hii samaki ya ndagala inatoka wapi? Ya Butembo inanuka matope."

"Ni ya hapa hapa. Tunakausha, tunatwanga."

"Rachida, mama yako anakupikia hivi kila siku?"

"Kila siku, baba mukubwa," Rachida alisema. Alikuwa ameacha kutafuna, anamwangalia mama yake.

Musafiri aliongezewa mara mbili. Alipangusa sahani kwa kidole, akalamba kidole, akamshukuru Mungu kwa sauti. Moyo wake ulikuwa umelainika kweli. Alimfikiria Lukman, na kwamba marehemu alichagua mke.

"Hadjara, nisikie. Nitamuambia mama: Lukman hakuacha mayatima, aliacha mwanamuke. Batoto babakie. Wallahi."

Hadjara alifunika uso kwa kitambaa, na mabega yakatikisika.

"Acha, acha. Nilisema mambo ya kulia hapana." Musafiri aliinuka, akafungua kamba ya jogoo, akamkumbatia kwapani. "Na huyu hatumuchinji tena. Aende kwa bibi zake. Akupe vifaranga."

"Shemeji, acha nitamuingiza miye." Hadjara alikuwa amesimama haraka, sahani ikaanguka. "Shemeji!"

Lakini Musafiri, mwenye furaha na tumbo limejaa, alikuwa ameshafika kwenye kibanda cha kuku nyuma ya nyumba. Alivuta kijiti cha mlango, akainama kumtupia jogoo wake ndani.

Hapakuwa na unyoya, wala kinyesi, wala yai. Palikuwa na kikaango na kinu, na chini ya kinu ungaunga wa kahawia wenye harufu ile ile iliyokuwa kwenye vidole vyake.