Mama Yake Alikaukiwa?

Mwenye zizi hachagui tena dume lake la mbegu; mtambo wa serikali ndio unaochagua, ila kwa swali lilelile la wazee. Nolari alikuwa anakamua ulipoingia bomani na kusimama mbele ya ndama mwekundu.

"Ukame ulipokaza, mama yake alikaukiwa na maziwa?"

"Hata siku moja," alijibu Koinet, mumewe.

Taa ya mtambo ikawaka kijani. Kwa ndama wa pili, ambaye mama yake alikaukiwa, iliwaka nyekundu, naye akahasiwa palepale.

Nolari aliinua kibuyu, akingoja mtambo uondoke. Badala yake uliingia nyumbani, ukainama juu ya mtoto wao wa kiume aliyelala.

"Na huyu, mama yake alikaukiwa?"

Nolari alikumbuka mtoto alivyolia kwa njaa ukame ule, maziwa yake yalipokauka. Koinet alimtazama mkewe kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu, kama anayekagua ng'ombe.