Mstari Uliopinda

Zawena aliingia kwa hakimu bila wasiwasi hata chembe. Mtoto wa kike wa miaka saba angeishije na baba peke yake? Nani angemsuka?

Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyomshukia puani, hakuanza na wazazi. Alimtazama mtoto wao, Siwema, kichwani. Binti alikuwa amesukwa twende kilioni, mistari sita inayopanda hadi utosini, na mmoja ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi.

"Nani kakusuka, mwanangu?"

"Baba. Jana kutwa nzima."

Kibwana, baba yake, aliificha mikono chini ya meza. "Nimefundishwa na jirani, mheshimiwa. Huo uliopinda ndio wa kwanza."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma. Siku za shule mtoto atakaa kwa mama. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili atakuwa kwa baba.

Zawena alitoka kifua mbele. Kwenye benchi la nje alimkalisha Siwema katikati ya magoti yake, akatoa chanuo mkobani.

"Tulia nikufumue. Kesho shuleni huendi na kichwa hiki."

Siwema alijifunika kichwa kwa viganja vyote viwili. "Huo wa kwanza uache, mama."

Kibwana alikuwa ameshafika getini. Zawena alimtazama mgongoni mpaka akapotea, kisha akaanza kufumua, mstari mmoja baada ya mwingine, akiuzunguka ule uliopinda.